Konvata au Mabati?

Msomaji wangu mpenzi, kama wewe na mwenzio mmeanza kununiana tangu mshahara ulipoingia, basi kaeni kitako nyote wawili, maana ukurasa wa mwezi huu ni wenu.

Hapa tumeshazungumza mengi. Tumesema wivu, tumesema mawifi, tumesema simu zinazolia usiku wa manane. Lakini yuko mke mwenza mmoja ambaye bado hatujamgusa. Hapaki wanja, havai kanga, hapiki futari. Ana miguu minne ya mpira, anakunywa petroli na kila mwisho wa mwezi anadai matunzo. Naam, nasema gari! Tena si lile la kwendea kazini na kurudia. Nasema gari la zamani lenye mbio, ambalo bwana alilipenda kabla hajakujua wewe. Hapa Unguja wenyewe mnayajua: Chaser, Mark II, Verossa, Altezza. Likipita njia ya Mazizini vijana wote wa barazani wanageuza shingo.

Na kina dada msicheke sana, maana siku hizi wapo wenzetu wanaoliendesha wenyewe na hawataki liguswe hata vumbi.

Leo nataka tuzungumzie kifaa kimoja tu cha gari kama hilo: toki konvata. Mafundi wanaiita konvata, yatosha. Utaniuliza, "Dada mhariri, na ukurasa wa mapenzi na konvata wapi na wapi?" Subiri kidogo. Mimi nimesomea mawasiliano chuo kikuu, sikusomea ufundi. Lakini nimegundua kuwa kuchagua konvata ni mtihani wa mawasiliano kuliko mitihani yote niliyofanya darasani. Unatakiwa kujua unachotaka, unachohitaji na unachoweza kulipia. Mara nyingi hivyo ni vitu vitatu tofauti kabisa.

Mwenzangu ameniruhusu nisimulie mkasa wetu, kwa sharti nisitaje jina lake. Sisi tunajenga Chukwani, upande wa ndani, si mbali sana na Baraza la Wawakilishi. Mwishoni mwa mwaka jana kuta zilikuwa zimeshapita linta na mbao za paa tumeshanunua. Fedha za mabati zilikuwa zimewekwa pembeni, na hesabu yetu ilikuwa nyepesi: paa lifungwe kabla ya masika ya mwezi wa tatu. Anayejua mvua za masika za Unguja anajua zinavyozifanya mbao zilizo wazi.

Na tunalo gari. Ni Toyota Chaser ya 1997, ile Tourer V yenye jina la kiwandani JZX100. Si gari tulilolinunua. Lilikuwa la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye alitangulia mbele ya haki mwaka 2019. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama mkwe ndiye aliyetoa ufunguo kwa mkono wake na kumkabidhi mume wangu. Kwa hiyo mnaelewa, lile si chuma tu pale uani.

Mwezi wa kumi na moja gari likaanza tabia. Tukiwa tunatoka mjini jioni, tukishapita Kiembe Samaki njia ikafunguka na gari likafika kama kilomita 60 au 70 kwa saa, linatetemeka. Yaani kama tunapita juu ya mbavu za barabara ya vumbi, na huku lami imenyooka. Ukiongeza mwendo linatulia, ukirudi pale pale linaanza tena. Siku moja mume wangu akagusa breki kidogo tu kwa ncha ya mguu, bila kupunguza mwendo. Mtetemo ukakatika hapo hapo. Akatabasamu kama daktari aliyeuona ugonjwa. "Mke wangu," akasema, "hii konvata."

Haya, konvata ni kitu gani?

Gari la gia ya mkono lina klachi. Ukisimama kumpisha trafiki unakanyaga klachi, injini inaachana na magurudumu, haizimi. Gari la otomatiki halina pedali hiyo. Basi nani anayeiachanisha injini na magurudumu? Ndiyo kazi ya konvata. Imekaa katikati ya injini na giaboksi. Umbo lake ni kama mabakuli mawili mazito yaliyofunikizana na kuchomelewa, na ndani mmejaa mafuta ya giaboksi.

Chukua feni mbili za mezani uziweke zikitazamana. Moja iwashe, nyingine usiichomeke kabisa. Upepo wa ile ya kwanza utaisukuma ya pili nayo izunguke, ingawa hazigusani. Ndani ya konvata ni hivyo hivyo, ila badala ya upepo kuna mafuta. Feni ya kwanza imefungwa na injini, nayo huitwa pampu. Feni ya pili huizungusha giaboksi, nayo huitwa turbini. Ukisimama na mguu kwenye breki, feni ya kwanza inazunguka pole pole, ya pili imetulia, na injini haizimi.

Katikati yake kuna kitu cha tatu, stata. Mafuta yakitoka kwenye turbini yanarudi yakiwa yamegeuka, yanataka kuipinga pampu. Stata huyapokea na kuyageuza yaisaidie badala ya kuipinga. Kwa kazi hiyo, pale gari linapoanza kuondoka nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye giaboksi huwa karibu mara mbili ya ile inayotoka kwenye injini. Mimi niliposikia hivyo nikacheka, maana hiyo ndiyo kazi ya somo wa harusini! Maneno ya mmoja yanakuja yamegeuka, yeye anayanyoosha kabla hayajamfikia mwingine.

Aliyeibuni fikra hii ni Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Tena hakuwa akifikiria magari. Alifikiria meli, namna ya kuunganisha injini ya mvuke inayozunguka kwa kasi na parafujo inayotakiwa kuzunguka taratibu. Kwenye magari ya kawaida ya Marekani ilipata umaarufu kupitia giaboksi ya Dynaflow ya Buick, mwaka 1948. Kwa hiyo kifaa kinachozozanisha watu Chukwani asili yake ni baharini.

Kuna kitu cha nne, nacho ndicho kilichotutesa. Feni mbili zisizogusana daima zinapishana kidogo, na kupishana huko ni petroli inayopotea na mafuta yanayochemka. Kwa hiyo konvata za magari kama Chaser zina klachi ndogo ndani yake inayoitwa lokapu. Gari likishashika mwendo, kompyuta inaifunga lokapu na feni zote mbili zinakuwa kitu kimoja. Ukigusa breki, kompyuta inaifungua. Ndiyo maana mtetemo ulikatika mume wangu alipogusa breki.

Fundi wetu wa Mwanakwerekwe, mtu mzima na mpole, hakukurupuka. Alisema plagi au koili iliyochoka nayo inaweza kulitetemesha gari katika mwendo ule ule, tena nayo ikajificha ukigusa breki. Akaanza na hizo, zikawa nzima. Akachomoa stiki ya giaboksi. Mafuta yalikuwa meusi na yananuka kama mkate ulioungua. Akayabadilisha kwa aina inayotakiwa na giaboksi yenyewe. Mtetemo ukapungua wiki moja, ukarudi. Hapo ndipo akasema kwa upole, "Bwana mdogo, lokapu imekwisha. Tafuta konvata."

Sasa hapo ndipo ndoa ilipoingia majaribuni.

Vijana wa barazani walishaamua zamani. Kwao kubadilisha konvata kwa nyingine ya kiwandani ni woga. Wanataka ile ya mashindano, yenye stoli ya juu, 3,500. Mume wangu naye macho yakaanza kumeta. Usiku akilala anaangalia video, asubuhi akiamka ananisomea bei. Na bei ya ile iliyotengenezwa maalumu nje, ukiongeza kuisafirisha na ushuru wake, ilikuwa inakaribia fedha za mabati. Hakusema tuzitumie. Lakini mke anajua, si ndiyo? Mtu akiuliza mara tatu kwa wiki moja kama masika ya mwaka huu yatachelewa, unajua anachotafuta.

Sikugombana naye. Nilimwomba jambo moja: anieleze stoli ni nini mpaka mimi nisiyejua nielewe, ndipo tuamue pamoja. Tukakaa tukasoma. Nawapa tulichokipata.

Stoli ni kasi ya juu kabisa ambayo injini inaweza kufika huku gia ya D imeingia, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho na gari limezuiwa lisiondoke. Konvata nyingi za kiwandani za saluni huwa karibu na mizunguko 1,800 mpaka 2,400 kwa dakika. Zile za mashindano hupanda 3,000 na zaidi. Faida yake ni kwamba injini inafika haraka kwenye kasi yake ya nguvu kabla gari halijaanza kwenda. Kwa gari lenye turbo kubwa inayochelewa kuamka, hilo ni jambo la maana sana.

Lakini je, turbo yetu inachelewa? Hapa ndipo hesabu ilipozungumza. Injini ya Chaser hii ni 1JZ-GTE, silinda 6, lita 2.5, nguvu farasi 280 kwenye karatasi. Ilitumika pia kwenye kizazi cha nyuma, JZX90, kilichoanza 1992. Kile kilikuwa na turbo mbili ndogo, na nguvu yake kubwa ya kuzungusha, Newton-mita 363, ilipatikana kwenye mizunguko 4,800. Toyota ilipotoa JZX100 mwaka 1996 ikaweka turbo moja na mfumo wa VVT-i. Nguvu ikawa Newton-mita 378, na inapatikana kwenye mizunguko 2,400 tu. Umeiona tofauti hiyo? Injini yetu ikiwa ya asili inaamka mapema. Kuifungia stoli ya 3,500 ni kumsubirisha mtu ambaye ameshafika. Mwenye JZX90, au mwenye JZX100 iliyofungwa turbo kubwa zaidi, ana hoja yake na ninaiheshimu. Sisi hatukuwa nayo.

Tena namba ya stoli si kitu kilichogandishwa ndani ya chuma. Konvata ile ile ikifungwa nyuma ya injini yenye nguvu zaidi, stoli yake hupanda. Kwa hiyo mtu akikuuzia "stoli 3,500" bila kukuuliza injini gani, turbo gani, gari lina uzito gani na difu yake ni ya uwiano gani, huyo anakuuzia namba tu. Mtengenezaji wa kweli atakuuliza maswali mpaka uchoke.

Halafu kuna joto. Katika mwendo wa kawaida konvata ya stoli ya juu huteleza zaidi, na kila kuteleza ni joto linaloingia kwenye mafuta. Kanuni ya zamani ya mafundi wa giaboksi inasema mafuta yakishapita nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kila nyuzi kumi zinazoongezeka hupunguza umri wake karibu nusu. Sasa fikiria mwezi wa pili, kaskazi limekufa, jua la saa nane, uko kwenye foleni ya kutoka Darajani na mbele yako daladala 505 inapakia abiria mmoja mmoja. Pale si mashindano, pale ni jiko! Baadhi ya konvata za mashindano hata lokapu hazina, maana mashindano ya mstari mfupi hayaihitaji. Anayekwenda mjini na kurudi Chukwani kila siku anaihitaji.

Tukaandika njia zetu kwenye karatasi. Nazinakili hapa, zinaweza kukufaa.

Njia ya kwanza ni kununua giaboksi nzima ya mtumba pamoja na konvata yake. Japani vijana wengi wa mchezo wa drifti hupendelea gia ya mkono, kwa hiyo otomatiki nyingi za Chaser zilitolewa na kuuzwa. Ukitafuta Ilala na Kariakoo za Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi, au masoko ya spea za mtumba ya Sharjah, unaweza kubahatika. Hatari yake ni kuwa hujui ilikoishi. Chuma cha miaka ishirini na ushee hakina cheti cha afya.

Njia ya pili ni konvata ya asili iliyofanywa upya. Inakatwa kwenye mashine ya kerezo, inabadilishwa kitambaa cha lokapu, beringi na sili, inachomelewa tena na kubalansiwa. Hapa unanunua mkono wa fundi. Kama hana mashine ya kubalansi, kimbia.

Njia ya tatu ni mpya ya kiwango cha kiwandani, ukiipata. Njia ya nne ni ile ya stoli ya juu, ambayo haitakiwi kwenda peke yake. Inataka kipoza mafuta kikubwa, na giaboksi yenyewe iwe na nguvu ya kuibeba. Na njia ya tano, ambayo vijana wa barazani waliitaja kwa kunong'ona, ni kung'oa otomatiki na kufunga gia ya mkono ya R154, ile iliyokuja kiwandani kwenye Tourer V za gia ya mkono. Ni kazi nzuri na ya gharama, na gari haliwi tena lile lile.

Nilipolisoma neno hilo, kwamba haliwi lile lile, mume wangu akanyamaza. Tulikuwa kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, baada ya Isha. Akasema, "Kaka alikuwa akisema siku moja tutalifanya liende kama linavyostahili."

Jamani. Kumbe mwezi mzima nilikuwa najadiliana na namba, na yeye alikuwa anajadiliana na marehemu.

Sikumjibu kwa mabati. Nikamuuliza, "Na yeye alikuwa akiliendesha vipi?" Akafikiri. Kisha akacheka, macho yamelowa. Kaka hakuwahi kulikimbiza hata mara moja. Alikuwa analiosha kila Ijumaa asubuhi. Alikuwa anampeleka mama kliniki Mnazi Mmoja, na siku za sikukuu anawazungusha watoto wote wa ukoo mpaka petroli iishe. Hayo ndiyo mashindano yake.

Kesho yake tukaenda kwa mama mkwe. Mume wangu akamweleza yote kwa heshima, stoli na lokapu, na bibi wa watu akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, hayo yenu siyajui. Mie nataka gari lisinitingishe nikapata kizunguzungu." Basi! Mainjinia wote wa Japani wangekuwepo pale wasingetoa maelezo bora ya kazi ya konvata.

Tukachagua njia ya pili: konvata ya asili iliyofanywa upya, stoli ya kiwandani, lokapu nzima, pamoja na kipoza mafuta cha ziada kitakachofungwa mbele ya rejeta. Fedha za mabati hazikuguswa. Mume wangu mwenyewe, bila kuombwa, aliuza zile rimu kubwa alizozinunua kabla hatujaoana, akarudisha rimu za asili za gari. Kilichopungua tukakiokoa kwa kupanda daladala wiki tano nzima, mimi na mkoba wangu wa ofisi. Sikupenda, lakini nilipanda. Ukitaka mwenzio aache kitu, na wewe uwe tayari kukosa kitu.

Binamu yake aliyeko Dubai ndiye aliyekwenda kuitafuta, na tukaikagua kwa simu ya video. Shikeni haya, maana ndiyo yaliyotuokoa. Angalia shingo ya konvata, pale inapoingia kwenye giaboksi. Ikiwa imekwaruzika itakula sili na mafuta yatavuja, na ikiwa imegeuka rangi ya buluu imeshaungua. Kisha jaribu klachi ya stata iliyoko ndani: inatakiwa izunguke upande mmoja kwa ulaini na igome upande wa pili. Konvata ya kwanza aliyoonyeshwa ilikuwa inazunguka pande zote mbili. Muuzaji akasema haina neno. Binamu akamshukuru, akataka nyingine.

Siku ya kufunga, fundi alinifundisha jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la otomatiki alijue. Konvata haisukumwi tu ikaingia. Inazungushwa kwa mkono pole pole mpaka ishuke hatua kwa hatua, ikamate meno ya shafti, ya stata na ya pampu ya giaboksi. Fundi mwenye haraka anaikaza kwa bolti kabla haijakaa. Gari linawaka, pampu inavunjika, na giaboksi nzima imekwenda. Kwa hiyo mwombe fundi wako apime kina chake kwa rula kabla ya kufunga. Mwenye ujuzi hatakasirika. Pia mwambie asafishe mabomba na kipoza mafuta, maana chembe za chuma za konvata ya zamani zikibaki humo, zitaiua mpya. Na kabla ya kuifunga aimiminie mafuta isianze kavu.

Mwisho alifanya jaribio la stoli. Magurudumu yamewekewa magogo, breki ya mkono imevutwa, mguu wa kushoto kwenye breki, mafuta ya giaboksi yameshapata moto, mbele na nyuma hapana mtu. Mafuta yanakanyagwa kwa muda usiozidi sekunde tano, kisha injini inaachwa ipumue. Kasi ikiwa chini ya kiwango, ama injini ni dhaifu ama klachi ya stata inateleza. Ikiwa juu ya kiwango, giaboksi yenyewe inateleza. Kazi hii mwachie fundi, usiifanye mwenyewe uani kwako na watoto wanacheza.

Mabati yalipigwa mwezi wa pili. Gari lilirudi barabarani wiki hiyo hiyo.

Sasa nije kwako, msomaji wangu, wewe mwenye mwenzi mwenye kipenzi cha chuma. Nina machache ya kukuachia.

Kwanza, usimwambie "chagua mimi au gari". Hujui ndani ya lile gari kuna nani. Muulize linamkumbusha nini, halafu nyamaza usikie.

Pili, na wewe kaka, usitaje bei bila kutaja sababu. Mke akikuuliza "kwa nini stoli 3,500?" na jibu ni "kila mtu anafunga hivyo", basi hujakuwa tayari kununua. Jifunze mpaka uweze kumweleza mama yako mzazi.

Tatu, wekeni fedha za nyumba na fedha za gari katika mifuko miwili tofauti, na ufunguo wa kila mfuko muwe nao wawili. Kipenzi kiuzwe kwa kipenzi: rimu zikalipe konvata, redio ikalipe kipoza mafuta. Paa la watoto lisilipie turbo.

Nne, magari haya yanazeeka na thamani yake inapanda. Sheria ya Marekani ya miaka 25 imeyafungulia mlango magari ya JZX100 tangu 2021, na dunia nzima sasa inayatafuta yaliyobaki katika asili yake. Kwa hiyo kulitunza kama lilivyotoka kiwandani si woga. Ni akili ya mwenye nyumba.

Na la mwisho ni lile la stata. Katika kila ndoa kuna siku maneno yanarudi yamegeuka. Mtafuteni mtu mmoja mwenye busara, awe mama mkwe, awe somo, awe fundi wa Mwanakwerekwe, akae katikati ayanyooshe. Lakini mchunguzeni kwanza: mtu wa kati anayezunguka pande zote mbili, kama ile konvata ya kwanza ya Sharjah, mrudishieni mwenyewe kwa shukurani.

Tukutane mwezi ujao, inshallah. Na kama gari lenu linatetemeka kwenye kilomita 60, anzeni na plagi.